Nukta Tatu Chini ya Tarumbeta

4 Februari

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, cherehani inaimba, na miwani iko usoni, si kichwani huku ukiitafuta mezani. Ningekupigia simu tukamaliza mambo yetu kwa dakika tano, lakini mtu wangu hataki simu hata ya kuazima, kwa hiyo nimekaa hapa naandika kama karani.

Unakumbuka kile kitabu cha zaburi ulichonipa tulipomzika Mama Mkubwa? Kwa mwaka mzima na zaidi sikukifungua. Kilikuwa bado kinanukia poda yake, na mimi nilikuwa nakiogopa. Mwezi wa kumi na moja mvua ikanifungia ndani siku nzima, nikajipa moyo. Nikaanzia mwisho, kwenye ile zaburi inayotaja vyombo vyote, tarumbeta na zeze na ngoma na filimbi na matoazi, ile uliyokuwa ukiisoma kanisani hadi watu wanasahau kukohoa. Chini ya maneno nikaona nukta za penseli. Neno hili nukta moja, lile mbili, na chini ya "tarumbeta" tatu, zimekolezwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Kati ya mistari kuna vipinde vidogo kama kucha iliyokatwa.

Mimi muziki ndio unaonilisha, Baba Mkubwa. Nilijua papo hapo kwamba ile ni midundo. Nikachukua tarumbeta nikaipiga kama ilivyoandikwa: nukta moja, noti moja kabla ya neno, nukta tatu, noti tatu, kipinde, pumzi. Kikatoka kitu kinachochechemea, kinasita, kinaruka, halafu kinakimbia. Ni jazi tupu, na imelala ndani ya kitabu kitakatifu miaka yote hiyo. Nilipowapigia wenzangu, Radi, mpiga dramu wetu, mtu ambaye hakusifu hata harusi yake mwenyewe, aliweka mkate wake chini akasema, "Rudia." Mpiga besi, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliomba kitabu akione kwa macho yake. Mpiga piano ni kinyozi, na tunafanyia mazoezi dukani kwake Jumapili alasiri. Yeye alianza kucheza huku shuka la wateja likiwa bado begani.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 25 Mei, saa kumi alasiri, tunataka kuupiga muziki huu kanisani kwetu. Wazee wa kanisa walikuja juu, wakasema jazi ni muziki wa baa. Mchungaji akatafuta njia: tupige, ila zaburi isomwe yote, neno kwa neno, na msomaji anayeaminika. Hapo katibu wa wazee, mtu mkali kuliko pilipili, akauliza, "Yule fundi cherehani aliyesoma kwenye ndoa ya wazazi wako bado yuko hai? Akija yule, hata mkileta baa yenyewe mimi nitakaa."

Njoo basi. Na ukija, uniite jina langu walau mara moja. Wewe ndiye uliyenipa hilo jina la Tarumbeta kwa jinsi nilivyolia siku niliyozaliwa, lakini maisha yangu yote umeniita kwa mluzi, kama mbuzi.

Mwanao,
Tarumbeta


13 Februari

Mwanangu Tarumbeta,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Ndiyo, ilikuwa kichwani.

Nimefurahi kwamba mnafanya kazi na mnakula kwa jasho lenu, au kwa pumzi yenu niseme. Jazi siichukii, usije ukadhani. Redio ya jirani huipiga, nami huitegea sikio nikiwa napasi. Ila naiona kama mgeni anayezunguka nyumba mara saba akikagua madirisha, na mlango uko wazi. Labda ndio utamu wake, sijui. Mimi ni mtu wa mshono ulionyooka.

Kuhusu kusoma, mwanangu, haitawezekana. Jino langu la mbele lilitoka mwezi wa kumi na mbili, na sasa nikisema neno lenye herufi s nafukuza kuku wa jirani. Goti la kushoto nalo limekuwa na maoni yake. Nina sare za shule mia na ishirini za kumaliza, na mwalimu mkuu wa hapa ni mama ambaye hujawahi kuona mtu anamwomba muda. Tena huko kwenu hamkosi msomaji. Mtafuteni mtangazaji yeyote mstaafu, mnunulieni soda, atawasomea mpaka kurasa za matangazo.

Na zile nukta usizihangaikie. Mama yako mkubwa alikuwa na mkono usiotulia. Alichorachora hata bahasha za hospitali.

Simu sina haja nayo. Anayetaka suruali atakuja kwa miguu yake, maana suruali ni ya miguu.

Wasalimie wazazi wako. Mwambie baba yako, mdogo wangu, koti lake lipo, asidhani nimeligawa.

Baba yako mkubwa,
Fundi


22 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena, na pole kwa jino. Mchumba wa mpiga besi anatengeneza meno. Anasema lako ni kazi ya asubuhi moja, nawe utalipia kwa kumpunguzia sketi. Goti nalo lisikutishe, utasoma umeketi. Kuhusu sare mia na ishirini, nakujua: ukiandika mia na ishirini, umeshamaliza mia na kumi.

Ila kwenye nukta umenichekesha. Eti alichorachora! Mpiga besi amezihesabu, maana mwalimu wa hesabu hawezi kuona kitu asikihesabu. Zipo thelathini na moja. Hakuna hata moja iliyowekwa ovyo. Zote ziko chini ya maneno magumu ya kuanza, yale ya kufunga mdomo na kuufyatua, ya p na t na k na b. Yale laini yamepita bure. Mtu anayechorachora hafanyi hivyo, Baba Mkubwa. Yule alikuwa na mpango.

Fikiria! Mama Mkubwa, yule tuliyemwita Redio kwa sababu alikumalizia kila sentensi uliyoianza, kumbe alikuwa mtunzi wa muziki na hakumwambia mtu. Nilipowaeleza wenzangu, Radi alivua kofia. Tumekubaliana bango liandikwe hivi: "Muziki umetungwa na Mama Mkubwa, mke wa Fundi." Wiki ijayo linakwenda kwa mpiga chapa. Nilidhani utafurahi kuwa wa kwanza kujua.

Mwanao,
Tarumbeta


2 Machi

Tarumbeta,

Futa hilo neno kwenye bango. Mama yako mkubwa hakuwa mtunzi na hakuwahi kusema ni mtunzi. Sitaki jina lake libandikwe ukutani na uongo.

Sitasoma. Nimekwisha kusema. Tafadhali tusirudie.

Fundi


11 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hukuandika hata "mwanangu".

Bango halijachapwa. Nilikwenda mwenyewe kulizuia, na mpiga chapa akanitazama kama mtu anayerudisha keki aliyoing'ata. Nisamehe. Nilidhani nampa heshima.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa na nimeona jibu ni moja tu: unaona tunachafua. Unaona maneno yale matakatifu uliyoyasoma miaka thelathini tumeyavalisha nguo za disko. Kama ndivyo, niambie wazi, mimi si mtoto. Lakini nami nikuambie wazi kwa nini nimeyashika. Siku tulipomzika Mama Mkubwa niliombwa nipige, nikashindwa. Nilipandisha tarumbeta mdomoni mara mbili na haikutoka hata sauti ya nzi. Tangu hapo nilipiga kwa ajili ya kula tu, kwenye harusi za watu, noti kwa noti, kama mtu anayemenya viazi. Nukta zile ndizo zilizonirudisha. Sikuwa nimetafuta dini wala jazi. Nilifuata penseli yake nikajikuta nacheka.

Wazee wametupa mpaka katikati ya Aprili tutaje msomaji, la sivyo milango inafungwa. Nimewaza kuacha yote. Kitabu nakurudishia pamoja na barua hii. Nimekifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, kile cha maua ya manjano. Kama nimekosa kukisoma, afadhali kikae kwako.

Mwanao,
Tarumbeta


20 Machi

Mwanangu Tarumbeta,

Mwanangu, mwanangu, mwanangu. Naandika mara tatu kufidia.

Kitabu kimefika. Nimekiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikazunguka ile meza asubuhi nzima kama jazi yenu. Mwishoni nikajiambia, mzee, mficha uchi hazai. Keti uandike.

Mimi nina kigugumizi.

Tazama nilivyoliandika kwa wino, laini kabisa. Kulitamka kungenichukua muda wa kushona kifungo. Nimekuwa nacho tangu nikiwa na miaka mitano. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi vidole vyangu vyote ni vizima. Ninyi watoto hamkujua kwa sababu mlikuwa na mama yenu mkubwa. Hakuwa anapenda kusema kuliko watu wengine. Nilipoanza sentensi aliiona inakokwenda, akatangulia kunifungulia mlango. Mkamwita Redio, naye akacheka, akaubeba huo utani miaka yote ili mimi nionekane mtu mpole wa maneno machache. Simu siitaki kwa sababu kwenye simu hakuna wa kukufungulia. Unasema haloo na huku unakwama, na mwenzako anadhani umekata.

Dukani niliokolewa na cherehani. Mguu ukikanyaga pedali, maneno yanapita. Mguu ukisimama, ulimi unasimama. Wateja wakanisifu kwamba mimi mchapakazi, siachi kushona hata nikiongea nao. Mwanangu, mara nyingi cherehani haikuwa na uzi. Nilishona hewa ili nipatane bei.

Sasa kanisani. Mchungaji wa zamani aliniona na kitabu kila mara akanipangia kusoma, nami nikashindwa kukataa, maana kukataa nako ni kusema. Nililia siku hiyo. Mama yako mkubwa akachukua penseli. Akanisomesha sebuleni mistari yote, na kila nilipokwama akaweka nukta: hapa gonga moja, hapa mbili. Vile vipinde ni vya pumzi. Akaenda kwa fundi viatu akawekewa kisigino cha mbao kwenye viatu vyake vya Jumapili. Alikaa mstari wa mbele. Kila nilipokaribia neno baya aligonga sakafu, tak, tak, nami nikapita juu ya ule mdundo kama mguu juu ya pedali. Waumini walisema yule mama hawezi kutulia hata mbele za Mungu. Naye akawajibu, "Miguu yangu inamsifu, niacheni."

Chini ya "tarumbeta" aliweka tatu, akazikoleza. Ndilo neno lililonishinda kuliko yote. Halafu wewe ukazaliwa ukalia vile, nikakuandikia jina hilo kwenye karatasi, nikampa yeye alitangaze. Ujinga, kumpa mtoto jina usiloweza kulitamka. Lakini lilikufaa. Mluzi hauna herufi t, ndiyo maana.

Tangu afe sijasoma. Nilimwambia mchungaji wa hapa kwamba macho yamechoka. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa dirisha. Dukani kwa mkate nanyoosha kidole. Mwenye duka anadhani msiba umenipa maringo.

Barua yako ya kwanza iliponifikia, nilifunga mlango nikajaribu. Nilibandika maji ya chai jikoni, nikasimama, nikaanza kusoma kwa kukumbuka. Nilifika kwenye jina lako. Nilipotoka pale maji yalikuwa yamekauka na sufuria imeungua.

Kwa hiyo hujachafua kitu. Mimi ndiye niliyeona haya. Lakini ukweli ubaki ukweli: mama yako mkubwa hakutunga wimbo. Alimtengenezea mumewe daraja. Usimwandike kwenye bango kwa kitu ambacho hakufanya.

Kitabu ni chako. Nakirudisha.

Baba yako mkubwa,
Fundi


29 Machi

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nami nafidia.

Nimelia, halafu nimecheka kwa ile cherehani isiyo na uzi, halafu nimelia tena. Kinyozi amelazimika kunipa taulo la wateja. Usiogope, sikuwaambia sababu. Barua yako ni yako, haitatoka mkononi mwangu mpaka useme.

Unajua nilikuwa nakaa wapi kanisani nikija likizo kwenu? Pembeni yake, upande wa kushoto. Miguu yangu haikufika chini, lakini kisigino chake kilitikisa benchi zima na mimi nikahesabu nacho. Kila mwalimu wa muziki aliyeniuliza nilijifunzia wapi kushika mdundo, nilimjibu sijui. Sasa najua. Nilijifunza kwake, na kumbe nilijifunza na kwako.

Halafu unasema hakutunga. Mtu anaketi na penseli, anaamua kwamba hapa midundo mitatu, pale mmoja, hapa pumzi, na Jumapili anaipiga mwenyewe kwa kisigino mbele ya watu mia tatu bila kukosea. Baba Mkubwa, kwenye kazi yetu mtu huyo ana jina, na ndilo nililotaka kuliandika. Mimi sikukosea. Nilikuwa sijajua tu kwamba muziki ule una msomaji wake mmoja duniani.

Sasa nisikilize. Mtangazaji mstaafu simtaki. Akisoma yule, noti zetu zote zitakuwa zinamsubiri mtu ambaye hachelewi. Muziki umekatwa kwa kipimo chako, wewe fundi unanielewa. Hauwezi kuvaliwa na mwingine.

Njoo na cherehani. Sikutanii. Tutaiweka katikati, kati ya dramu na besi. Utakanyaga pedali na kusoma. Itakuwa chombo cha tano cha bendi. Zaburi yenyewe imetaja vyombo vingi kiasi kwamba kimoja zaidi hakitakataliwa.

Ukisema hapana, nitakuelewa na sitanuna. Nitakuandikia hivyohivyo kila wiki hadi karatasi ziishe madukani.

Mwanao,
Tarumbeta


8 Aprili

Mwanangu Tarumbeta,

Kwa siku tatu nilisema hapana. Siku ya nne nilijikuta naweka mkanda mpya wa ngozi kwenye cherehani, na natia mafuta sehemu ambazo hazikuwa na shida yoyote. Nikatambua kwamba mguu umeshakubali. Ulimi ndio bado unafanya mkutano.

Dereva wa lori la vitambaa anapita huko kwenu tarehe 22 Mei. Ataibeba, nami nitakaa mbele pamoja naye. Nimeishonea cherehani kifuniko, isije ikafika na vumbi mbele za watu. Waambie wenzako ukweli wote, sitaki wapige na mtu wasiyemjua. Wazee wa kanisa usiwaambie. Wape jina langu tu.

Kwenye bango andika unavyoona. Ila ukimwandika, andika na kisigino.

Swali moja halinipi usingizi mzuri. Nukta tatu zilitosha alipokuwa anagonga yeye. Je, nikikwama kupita tatu?

Baba yako mkubwa,
Fundi

Zile sare zilikuwa zimebaki kumi tu nilipokuandikia. Ulikuwa sahihi, mtoto mbaya wewe.


16 Aprili

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Radi, napiga dramu na bendi ya mwanao. Siku za kazi naziba matairi, kwa hiyo mwandiko wangu unisamehe, mkono huu umezoea spana.

Tarumbeta ametusomea barua yako, akatuambia na swali lako la mwisho. Nimeomba nilijibu mimi, kwa sababu kwenye bendi kuchelewa na kuwahi ni idara yangu.

Ukikwama, usiombe radhi na usitazame chini. Wewe endelea kukanyaga. Neno lisipotoka kwenye nukta ya tatu, tutapiga ya nne. Lisipotoka, ya tano. Kinyozi atazunguka palepale kwenye piano, mwalimu wa hesabu atahesabu, hana anachopenda zaidi. Bendi yetu ikikosea huwa tunarudia kosa mara mbili, watu wajue tumekusudia. Hiyo ndiyo jazi, mzee, mengine ni suti tu. Kwa hiyo ukisimama tutasimama nawe, na ukiondoka tutaondoka nawe. Hakuna atakayekuacha barabarani.

Naomba kitu kimoja. Kanyaga cherehani kwa mwendo wako wa kawaida, ule wa kushona suruali, uhesabu mara ngapi kwa dakika, uniletee hesabu. Nataka nizoee mguu wako kabla sijauona. Nimeshajaribu kwa cherehani ya mke wangu nikavunja sindano mbili. Ameniambia nitafute familia nyingine.

Katibu wa wazee alisikia jina lako akaweka sahihi bila kusoma karatasi.

Wako katika mdundo,
Radi


29 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Umefika salama? Cherehani imefika salama? Lori lilipokata kona mliniacha nimesimama na kifuniko cha cherehani mkononi. Nitakituma. Mama amekifua na kukipiga pasi.

Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa unatazama kitabu, kwa hiyo acha nikueleze ulichokikosa.

Ulipokaa, watu walinong'ona. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Hivi wanashona au wanaabudu?" Ulipoanza kukanyaga, Radi akaingia chini yako taratibu, na mnong'ono ukaisha. Ukasoma. Ukapita nukta ya kwanza, ya pili, kipinde, na sisi nyuma yako, na nikamwona katibu wa wazee amefumba macho na kidevu kinaitikia. Nikasema moyoni, tumevuka.

Halafu tukafika kwenye tarumbeta.

Tatu zikapita. Nikasikia Radi anapiga ya nne, ya tano. Kinyozi akazunguka. Mguu wako haukusimama, hilo nalishika mpaka kufa kwangu, haukusimama. Saba, nane. Watu walidhani muziki unapanda, na kweli ulikuwa unapanda, besi ilikuwa inatetemesha madirisha. Hapo nikasikia kitu kingine. Tak. Kilitoka mstari wa mbele. Katibu wa wazee, yule mkali, na macho yake bado yamefumbwa, alikuwa anagonga sakafu kwa kisigino. Akafuata Mama. Akafuata yule aliyeuliza kama tunashona. Mpaka kufika mdundo wa kumi na moja kanisa zima lilikuwa linagonga kisigino, Baba Mkubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesimuliwa siri ya kisigino cha Mama Mkubwa.

Na wewe ukainua uso kutoka kwenye kitabu, ukanitazama mimi, ukalisema.

Nilitakiwa kuingia palepale kwa noti tatu. Sikuingia. Radi anasema alinisubiri mizunguko minne. Asinicheke, maana yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa kijiti cha dramu. Miaka thelathini na nne nasubiri kuitwa, na siku nilipoitwa nikasahau kazi yangu. Nilipopata pumzi nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga, sijui hata nilipiga nini, wenzangu wanasema hakikuandikwa popote.

Watu wanauliza mtapiga lini tena. Mchungaji anauliza. Mama wa swali anauliza kama siku hiyo unaweza kumpunguzia gauni wakati unasoma, isipotee nafasi. Katibu wa wazee alikuja kwangu, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu, akasema pale kwenye tarumbeta utunzi ulikuwa wa hali ya juu, hasa kule kusubiri. Nikamwonyesha bango ukutani: "Muziki wa Mama Mkubwa, kwa penseli na kisigino." Akasema angependa kumpa pongezi. Nikamwambia amekwisha kumpa.

Mwanao,
Tarumbeta


6 Juni

Mwanangu Tarumbeta,

Marahaba. Nimefika, cherehani imefika, goti limefika kesho yake.

Jumatatu nilikwenda dukani kwa mkate. Kidole kilikuwa kimeshainuka, nikakirudisha mfukoni. Nikasema neno lenyewe. Lilichukua muda wake, na nyuma yangu palikuwa na foleni, nami nikawa nakanyaga sakafu polepole kama juha. Mwenye duka alingoja. Lilipotoka, akanipa mkate akasema, "Kumbe ni hivyo tu, Fundi? Mimi nilidhani tumekosana." Miaka miwili, mwanangu, yule mtu alikuwa anajiuliza amenikosea nini.

Kwa mchungaji wa hapa nimeungama kwamba macho yangu hayana ugonjwa. Amenipangia Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Nimechukua kitabu kingine na penseli, nimeanza kuweka nukta mwenyewe. Mama yako mkubwa aliziweka nyingi kuliko ninazohitaji, au labda aliziweka nyingi kwa kupenda kugonga. Nilimkumbuka sana jana nikichonga penseli, na kwa mara ya kwanza haikuuma mpaka ndani. Iliuma kidogo, kisha nikaendelea kuchonga.

Mwambie Radi ni themanini na nne kwa dakika kwa suruali, tisini kwa sketi. Nilisahau kumpa.

Jambo la mwisho. Nimenunua simu. Ni ndogo, ya kubonyeza, mwenye duka la mkate ndiye aliyenichagulia. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nipigie Jumapili saa kumi alasiri, nitakuwa nimeketi kwenye cherehani. Ikipokelewa na usisikie kitu, usikate. Ni mimi, nakuja na jina lako.

Baba yako mkubwa,
Fundi